Salamu Kumi na Nne, Namba Kumi na Sita

Kasulu, Jumatatu, 2 Machi 1998

Mashine imefika. Imekuja na gari la mradi kutoka Kibondo, imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Nyeusi, nzito, pana kama sinia la pilau. Kanda yake wanaiita DAT, ndogo, inaenea kiganjani. Kwenye kioo cha mbele zinawaka namba.

Kazi yenyewe ni hii. Redio ya mradi iko Kibondo. Kila Jumapili saa kumi jioni inarusha salamu za watu waliopotezana: waliovuka mpaka Manyovu wakati wa vita, walioko kambini, waliohamia vijijini. Sisi wa Kasulu tunarekodi Alhamisi, gari linachukua kanda Ijumaa. Mimi ni mrekodi. Claude ni mwandishi wa orodha: namba, jina la anayesalimu na anakokaa, jina la anayesalimiwa. Kule Kibondo mtangazaji, Bi Firdausi, anasoma jina kwenye orodha, anabonyeza namba, sauti inatoka.

Bi Firdausi sijawahi kumwona. Nimemsikia tu. Inatosha.

Mwisho wa mwezi, mmoja wetu atapelekwa Kibondo kuwa msaidizi wake wa kudumu. Claude alikuwa mwalimu kwao Burundi. Ana mwandiko mzuri na anaamka mapema, tabia mbili ambazo wakubwa huzipenda bila sababu. Mimi nimekuwa fundi redio sokoni miaka tisa, na baadhi ya redio nilizotengeneza bado zinaongea.

Nimesoma kitabu cha mashine. Kiko kwa Kiingereza na Kijapani, kwa hiyo nimesoma picha. Kuna kitufe cha kuweka namba kwa mkono na kuna cha otomatiki. Ukiweka otomatiki, mashine ikisikia kimya cha sekunde tatu hivi, kisha sauti, inaandika namba mpya yenyewe. Mtu anamaliza, kimya, mwingine anaanza, namba mpya. Sasa mkono wa nini?

Claude anasema ni heri nibonyeze kwa mkono, maana mashine haimjui mtu. Nikamjibu kwamba mashine imetoka Japani na yeye ametoka mkoa wa Bururi, tuone nani msomi. Hakucheka. Alikuwa anachora mistari ya orodha kwa rula.

Jumatano, 4 Machi

Majaribio. Nilimketisha Claude mbele ya kipaza sauti, aseme neno, anyamaze, aseme tena. Mara kumi na moja. Kioo kikabaki na namba moja ileile. Nikadhani mashine imeharibikia njiani.

Kumbe ni jenereta. Iko nyuma ya ukuta, inanguruma, na mashine inaihesabu kama mtu anayeongea. Haijasikia kimya tangu ifike Kasulu.

Claude akasema basi tubonyeze kwa mkono. Ni kidole tu. Nikamwambia mtu akishindwa na jenereta hawezi kufanya kazi Kibondo. Nikaibeba mpaka migombani, nyuma ya choo. Bado inasikika. Nikachimba shimo, nikaishusha, nikaiwekea mabati kwa juu na upenyo wa moshi. Waya haukufika. Nikaunga waya wa kuanikia nguo wa jirani, kisha kipande cha nyumbani, viungo vitatu vyote kwa utepe mweusi.

Saa kumi na moja jioni kioo kilisoma namba mbili. Nikakaa chini kwenye udongo. Sikuwa na nguvu ya kufurahi.

Dada yangu Mwanaamina, ninayeishi kwake tangu banda langu la redio lifungwe, amenikanda mgongo kwa maji ya moto. Aliuliza hicho kitufe ninachokikwepa kina uzito gani.

Alhamisi, 5 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Watu kumi na wanne. Nilikaa kwenye kiti na chai yangu, mikono mbali na mashine, ili waone mtaalamu anavyofanya kazi. Nikawaambia namba zinafuata sikio langu. Watu wakaliangalia sikio.

Wa kwanza, wa pili, wa tatu, sawa. Wa nne alikuwa Mama Esteri Uwimana, anayeuza unga wa muhogo nyuma ya chuo cha ualimu. Anamtafuta binti yake Nadine. Walipotezana Manyovu mwaka tisini na tatu, mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu. Alishika ukingo wa meza, akasema jina lake, akasema anamtafuta Nadine. Halafu akanyamaza.

Akanyamaza sana. Nikanywa chai. Alipoanza tena, kioo kikaruka kutoka nne kwenda tano. Akasema, "Sina hasira. Rudi nyumbani. Kitanda chako kipo palepale." Akanyamaza tena. Claude akaacha kuandika akawa anatazama sakafu. Mama akasema, "Hata kama umeshaolewa. Hata kama una mtoto. Njoo naye." Kioo kikaruka sita.

Nilikiona. Lazima niandike ukweli hapa, maana shajara hii haisomwi na mtu. Nilikiona kioo kikiruka na nikaona uzito kuinuka. Kumsimamisha mama yule aanze upya ilikuwa haiwezekani. Na kitufe cha kufuta namba kiko kwenye picha ambayo sikuielewa.

Wa tano kwa Claude, wa saba kwa mashine, akaja Mzee Reverien wa Murubona. Mjane, mrefu, hapendi viti. Ana mdogo wake Busunzu anaitwa Hatungimana. Hawajasemezana miaka kumi na mmoja kwa ajili ya mpaka wa migomba. Salamu yake ilikuwa fupi: shina ulilolikata sijalisahau, usikanyage kwangu mpaka mmoja wetu azikwe. Claude alimuuliza kwa adabu kama hiyo ni salamu. Mzee akasema ni salamu, kwa sababu sasa mdogo wake anajua kwamba yeye ni mzima.

Akafuata Abdalah, fundi cherehani, akimwambia bibi harusi mmoja wa Kibondo, Claudine, kwamba gauni lake limekamilika. Kisha Katekista Ndayikeza akiikaribisha kwaya ya Kibondo kwa Pasaka. Na wengine mpaka mwisho.

Jioni orodha ya Claude ilisema kumi na nne. Kioo kilisema kumi na sita. Claude akasema turudishe kanda mwanzo, tusikilize yote, tuone zilipozidi. Saa nzima na zaidi. Mgongo wangu ulikuwa unawaka moto. Nikatoka kwenda migombani, nikafunga koki ya petroli, jenereta ikazima. Nikarudi nikasema petroli imekwisha.

Claude akabaki na kalamu gizani. Nikachukua orodha, nikaongeza chini kwa mkono wangu: 15, Salamu za ziada. 16, Salamu za ziada. Sasa zimelingana.

Ijumaa, 6 Machi

Kanda imeondoka. Juu ya kasha nimeandika: Imehakikiwa na Hilali. Herufi kubwa, ili Bi Firdausi asipate shida kuliona jina.

Nimemwona Claude akienda migombani kutazama jenereta. Alirudi akaendelea kukata karatasi.

Jumapili, 8 Machi

Nilialika majirani wasikilize kazi yangu. Mwanaamina alikaanga mihogo. Redio juu ya kigoda, watu kumi na wawili mkekani.

Namba moja, mbili, tatu, vizuri. Watu wakanitazama kwa heshima. Namba nne, Mama Esteri akasema jina lake na la mwanawe, ikakata. Nikasema anaongea kwa ufupi.

Kisha Bi Firdausi, kwa sauti yake ile, akasema: namba tano, Mzee Reverien wa Murubona, Kasulu, anamsalimu mdogo wake Hatungimana wa Busunzu. Na sauti ya mwanamke ikatoka, taratibu. Sina hasira. Rudi nyumbani. Kitanda chako kipo palepale.

Bi Firdausi akasema hiyo ilikuwa salamu ya Mzee Reverien wa Murubona, imesomwa kwa niaba yake na mke wake. Mwanaamina akaniuliza Reverien ameoa lini.

Namba sita, Abdalah fundi cherehani anamsalimu bibi harusi Claudine. Hata kama umeshaolewa. Hata kama una mtoto. Njoo naye.

Jirani mmoja akaacha kutafuna.

Namba saba, Katekista Ndayikeza anaikaribisha kwaya ya Kibondo. Ikatoka sauti ya Reverien kama shoka: shina ulilolikata sijalisahau, usikanyage kwangu.

Nikainuka nikazima redio, nikasema betri zimekwisha. Jirani akasema betri ni mpya, amezileta yeye. Nikasema nina homa. Hilo lilikuwa kweli, au lilianza kuwa kweli hapohapo.

Jumatatu, 9 Machi

Nilifika ofisini nikamkuta Abdalah barazani, futi ya kupimia shingoni. Upande wa bwana harusi umesimamisha harusi. Wanataka kujua Claudine ameolewa na nani na mtoto yuko wapi. Wanataka pia kujua fundi cherehani amejuaje. Nyuma yake alikuwapo Katekista, Biblia kwapani. Nyuma ya Katekista alikuwapo Mzee Reverien, amesimama.

Nikazunguka kwa nyuma. Nikaingia kwenye shimo la jenereta, nikajifunika bati. Nilikaa humo saa mbili na nusu. Ni mahali pazuri ukizoea harufu.

Niliwasikia wakiongea na Claude. Hakunitaja. Aliwaambia ofisi imekosea, itasahihisha, na akaandika malalamiko yao moja moja. Reverien alisema jambo moja tu: kwamba yeye hana mke, na sokoni wanampongeza.

Mchana gari likaleta barua ya Bi Firdausi, barua yake ya kwanza kwangu. Nilinawa mikono kabla ya kuifungua. Maneno mawili: "Nani alihesabu?"

Jumanne, 10 Machi

Sikulala vizuri. Nimejibu barua.

Nimeandika kwamba mashine haina kosa, ni ya Japani. Nimeandika kwamba sikio langu halina kosa. Kilichobaki, nikasema, ni orodha, na orodha haiandikwi na mimi. Sikutaja jina la Claude. Niliandika tu "mwandishi wa orodha, ambaye ni mmoja."

Nilipoifunga niliona mkono umekuwa mzito. Nikaipa dereva haraka kabla haujawa mzito zaidi. Claude alikuwa ameniletea chai. Alisema amesikia nina homa.

Jumatano, 11 Machi

Mambo yamezidi. Nilikuwa stendi kununua karanga. Likafika lori kutoka upande wa Kibondo, akashuka mzee mfupi na fimbo, mfuko wa maharage mgongoni, jogoo kwapani. Akamsalimu kila mtu: mwakeye, mwakeye. Akaulizia njia ya Murubona, kwa kaka yake Reverien.

Nikaangusha karanga.

Nikamfuata nikamwambia Mzee Reverien amesafiri, yuko Manyovu, hajulikani atarudi lini, na lori hilihili linageuza saa nane. Hatungimana akanishukuru. Akasema atamsubiri. Amesubiri miaka kumi na mmoja, hawezi kushindwa na Manyovu. Akaniuliza kama shemeji yake mpya yupo, yule mwenye sauti nzuri, ili angalau amkabidhi jogoo.

Nikambebea maharage. Ningefanya nini? Njia nzima alikuwa anasimulia. Alisikia redio ya jirani, Busunzu. Alijua kaka yake hawezi kutamka maneno yale kwa kinywa chake, ndiyo maana akampa mke ayaseme. Reverien tangu utotoni yuko hivyo, akasema. Ukitaka kujua anakupenda, sikiliza anachokataa kusema.

Nilitafuta mahali pa kukimbilia. Murubona barabara ni moja na migomba.

Reverien alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Hatungimana akasimama penye ua, hakuvuka. Mzee mmoja ndani, mzee mmoja nje, mimi katikati na maharage.

"Kaka, nimesikia," Hatungimana akasema. "Nimekuja."

Machozi yakawa yanamtoka na hayafuti, maana mkono mmoja una fimbo na mwingine jogoo.

Reverien akamtazama. Akanitazama mimi. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazamwa na mtu yeyote, hata na marehemu baba. Alijua kila kitu. Nikasubiri aniue.

Akaweka mpini chini.

"Kitanda kipo," akasema. "Hakina godoro."

Hatungimana akavuka ua. Akauliza shemeji yuko wapi. Reverien akasema ametoka.

Nilipogeuka kuondoka, mzee akanifuata mpaka njiani, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwa kuwa mimi ndiye niliyemwahidi mdogo wake kitanda, godoro ni juu yangu.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua ya mawe juu ya mabati. Hakuna aliyerekodi. Ningeweza kupumzika, lakini Claude aliwasha jenereta mwenyewe, kwa petroli iliyokuwamo, akaweka nakala ya kanda aliyoletewa na gari kutoka Kibondo, akavaa visikilizio na kuanza kuandika: namba kwa namba, nani ni nani. Alipofika kwa Mama Esteri alirudisha nyuma mara kadhaa. Kisha akaandika: 4, 5 na 6, mtu mmoja.

Sikumwambia kuhusu barua. Nilijaribu mara mbili. Mara zote mbili nilimuuliza kama anadhani mvua itakatika.

Jumamosi, 14 Machi

Leo nimechoka kuliko siku zote, na nitaandika kwa mpangilio kadiri ninavyoweza.

Asubuhi nilibeba godoro langu kichwani mpaka Murubona. Langu, ninalolalia. Mwanaamina alisema nitalala kwenye mkeka mpaka nijifunze kuhesabu. Wazee wale wawili walikuwa uani, wamekaa mbali mbali kidogo, wanabishana kuhusu shina lilelile la mgomba, na jogoo anakula katikati yao.

Sikuwa nimeshusha godoro sawasawa nikasikia hodi. Msichana, mtoto mgongoni, viatu vya plastiki, vumbi mpaka magotini. Akaomba msamaha kwa kuingilia. Akasema anamtafuta mke wa Mzee Reverien.

Hatungimana akasema hata yeye anamsubiri, ametoka tangu Jumatano.

Msichana akasema, "Ile sauti ni ya mama yangu."

Akaeleza. Anaishi kambini, upande wa Kibondo. Jumapili ile alikuwa bombani akichota maji. Aliporudi, redio ya kibanda ilikuwa imefika namba tano. Akasikia kitanda chako kipo palepale, akaweka ndoo chini. Kisha mtangazaji akasema ni mke wa Mzee Reverien wa Murubona. Akadhani mama ameolewa upya, na ndiyo sababu hakutaja jina la binti yake. Akakaa siku tano anajiuliza aje au asije. Ilipofika Ijumaa akaomba kibali cha kutoka. Alikuja, alisema, kwa ajili ya yale maneno ya namba sita, ya mtoto. Yalitangazwa kuwa ya bibi harusi, lakini sauti ilikuwa ileile.

Reverien alinitazama tena.

Nilikuwa na mpango. Ulinijia mzima mzima: nimwambie ofisi haifunguliwi Jumamosi, aje Jumatatu na malalamiko kwa maandishi. Kinywa kilikuwa kimeshafunguka. Lakini mtoto mgongoni akapiga chafya, msichana akamsogeza kwa nyuma bila kuangalia, na mikono yake akaiweka kwenye nguzo ya ua, akaishika vilevile Mama Esteri alivyoshika ukingo wa meza.

Nikasema jina lako ni Nadine.

Akasema ndiyo.

Nikasema mama yako hajaolewa na mtu. Ni mashine. Halafu nikasema ni mimi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Godoro lilikuwa limenichosha shingo.

Nyumba ya Mama Esteri siijui. Nyuma ya chuo cha ualimu kuna nyumba nyingi. Anayejua ni Claude, kwa sababu aliandika. Nikaenda naye mpaka kwa Claude, nikamkuta anafua. Njiani nilikuwa nimepanga kumweleza habari ya barua kwanza, halafu Nadine. Nilipofika nikamweleza Nadine tu. Claude akafuta povu, akavaa shati likiwa bichi, akatangulia.

Mama Esteri alikuwa anaanika mihogo kwenye turubai. Claude akasema hodi. Mama akainua kichwa.

Hakusema kitu. Nadine hakusema kitu. Mama alikuwa na kipande cha muhogo mkononi na hakukiweka chini wala hakukishika vizuri. Mimi kwa mazoea nikaanza kuhesabu. Tatu. Kumi. Ishirini. Mashine ingekuwa inangoja muda wote huo na kalamu yake.

"Umekonda," mama akasema.

Kisha akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, akalitupa lile pande la muhogo na kumpokea mtoto kwanza kutoka mgongoni, na baada ya mtoto akamshika Nadine, akakaa naye chini palepale juu ya turubai, mihogo ikiwavunjikia.

Claude akanishika mkono tukaondoka. Alikuwa analia kwa namna ya walimu, bila sauti. Kule barabarani nikamwambia kuhusu barua, na kuhusu koki ya petroli. Akasema koki aliiona kesho yake. Barua hakuijua. Alitembea mpaka sokoni. Hapo akasema ana nguo kwenye beseni, akaniacha.

Jumanne, 17 Machi

Gari limeleta barua mbili.

Ya Claude inasema aende Kibondo tarehe ishirini. Bi Firdausi amesikiliza kanda yote, amepokea orodha mpya aliyoituma Claude, na ameona mwandiko wa salamu za ziada si wa mwandishi wa orodha. Harusi ya Claudine imerudi mahali pake. Abdalah alisafiri mwenyewe na gauni, akaapa mbele ya wazee wa pande zote mbili. Kwaya itakuja Pasaka.

Yangu ni ndefu kuliko ya kwanza. Inasema nisiiguse mashine. Atakuja mrekodi mwingine, mwanamke anaitwa Kudra. Mimi nitakuwa mwandishi wa orodha. Chini ameandika kwamba binti aliyekuja na mtoto alipita redioni kushukuru, na alitaja jina langu. Bi Firdausi anasema hakuelewa ni kwa nini.

Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nimeamua ni pongezi.

Claude amenifundisha kazi kwa saa nzima. Kuchora mistari, kuacha nafasi ya anwani, na zaidi ya yote kuandika jina baada ya mtu kukaa kitini, si kabla. Alilirudia hilo. Nilimwomba msamaha wa barua. Akasema amesikia, akanipa rula yake.

Jumatano, 18 Machi

Kudra amefika. Mwanamke mpana, mkimya. Ameirudisha jenereta kutoka shimoni, ameiweka nyuma ya ukuta, na anabonyeza namba kwa kidole. Kila mtu, kidole. Nilimtazama akijaribu kwa nusu saa, nikahisi uchovu kwa niaba yake.

Kwa upande wangu kazi ni nyepesi nikilinganisha na walivyoisifia. Nimekaa kibarazani mchana na karatasi. Nimejiuliza: kesho watakuja akina nani? Ni wale wale wa Alhamisi ya kwanza, wa sokoni, wa Murubona, wa kanisani, na wa nyuma ya chuo. Watu hawabadiliki. Nimeshaandika majina yote kumi na manne, na wanaosalimiwa, na anwani, kwa wino, mistari imenyooka. Mmoja nimemweka Mama Esteri tena, ingawa hamtafuti mtu sasa, kwa sababu jina lake linakaa vizuri kwenye mstari wa nne.

Wakija wengine, wataingia kwenye majina yaliyopo. Akizidi mtu, atangoja wiki ijayo.

Kwa hiyo kazi ya Alhamisi imekwisha Jumatano, kabla ya adhuhuri, na bado nimepata muda wa kulala. Sijui Claude alikuwa anachoshwa na nini.